Mkaa mbadala unaotokana na makaa ya mawe kwa majiko ya Dodoma: unafaa wapi, unashindwa wapi

Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilitakiwa kuacha kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024. Tangu hapo, mkaa mbadala unaotengenezwa kwa makaa ya mawe, kama Rafiki Briquettes wa STAMICO (Shirika la Madini la Taifa), umekuwa unatajwa kila kikao cha wapishi wa shule na kambi. Je, unaivisha? Kwa makande na maharage ya sufuria kubwa, ndiyo, tena vizuri sana. Kwa chai ya watu wawili ni hasara: utakapokolea, chai ingekuwa imeshanywewa.

Makaa ya STAMICO yanatoka Kiwira-Kabulo, mkoani Songwe. Mgodi wa Kiwira wa chini ya ardhi ulijengwa kwa msaada wa China, ukaanza kuzalisha mwaka 1988, ukiwa na mtambo wake wa umeme wa megawati 6. Siku hizi uchimbaji uko Kabulo, kwenye mgodi wa wazi. Mgodi wa chini ukishasimama, maji hujaa njiani, magogo ya kuegemeza huoza na gesi hujikusanya, hivyo kuufufua ni gharama ya pampu na feni kabla kilo moja haijatoka. Kutoka huko hadi hapa lori linapita Mbeya, Iringa na Mtera, na safari hiyo yote inalipwa na mnunuzi wa Dodoma.

Makaa ghafi usiyapikie kamwe. Yana moshi mzito na salfa. Ili yafae jikoni, huchomwa kwanza tanuruni kwa hewa kidogo, yakasagwa, yakachanganywa na kigandishi kama wanga au udongo, kisha yakashindiliwa na kukaushwa. Hatua ya kuchoma ikifanywa nusunusu, utaijua siku ya kwanza: moshi wa njano na harufu ya kiberiti kilichowashwa.

Kuwasha kuna utaratibu. Tanguliza vipande vichache vya mkaa wa kawaida vikiwa vyekundu, juu yake panga vipande vya mkaa mbadala kwa kuachiana nafasi ya kidole, elekeza mlango wa jiko upande unakotoka upepo. Fanya hivyo nje. Subiri kama nusu saa, hadi moshi uishe kabisa na vipande vivae kijivu, ndipo uinjike sufuria. Wanaolalamika kwamba "hauwaki" mara nyingi wameujaza jiko hadi mdomoni, hewa ikakosa pa kupita.

Tatizo kubwa ni majivu. Mkaa wa miti huacha majivu kidogo, lakini huu hubaki na mengi, maana mawe ya ndani ya makaa hayaungui. Yanaziba matundu ya wavu, moto unalala katikati ya kuchemsha maharage. Tumia jiko lenye wavu wa chuma wa matundu mapana na droo ya majivu, uutikise taratibu kila moto unapopungua. Ukichokoa kwa nguvu vipande vinamomonyoka na kuziba zaidi. Jiko dogo la bati lililotobolewa kwa msumari halitaufaa.

Majivu haya yasiende ghalani. Huku wengi huhifadhi mtama, uwele na maharage kwa majivu ya kuni, lakini ya makaa ya mawe huweza kubeba madini mazito. Usiyasugulie vyombo wala kuyamwaga kwenye bustani ya mchicha. Kwa sababu hiyohiyo usiubanikie nyama: wachoma nyama wa Msalato wabaki na moto wao. Huu ni wa sufuria yenye kifuniko.

Na usilale nao ndani. Baridi ya Juni na Julai huwashawishi watu kuingiza jiko chumbani likiwa limeshaacha moshi, wakidhani ni salama. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na inaua usingizini. Dirisha moja lililofunguliwa kidogo si kinga.

Unaponunua, nunua kwa kilo. Bei ya kiroba haikuambii kitu, kwani mkaa huu ni mzito kuliko wa miti kwa ujazo uleule. Gonganisha vipande viwili: vilivyokauka hulia kavu, vyenye unyevu hutoa sauti butu na kuacha unga mkononi. Kabla taasisi haijaagiza tani, ichome kilo moja hadi iishe, ipime majivu: gramu 200 ni asilimia 20, na zaidi ya hapo unanunua udongo kwa nauli ya lori. Muuzaji mwaminifu atakubali jaribio hilo mbele yako.

Kiwango cha majivu na salfa kiandikwe kwenye mfuko. Mkakati wa taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034, na mpishi wa Bahi au Kongwa anastahili kujua anachowasha. Kwa jiko la shule lenye paa, kuta wazi na bomba la moshi, tunaupendekeza. Kwa chumba cha kupanga cha Chang'ombe, gesi ya mtungi mdogo ni afadhali.