Maktaba ya email ya Python: mchambuzi wa barua ninayemkubali kwa sharti moja

Mwenye nyumba moja ya wageni huko Jambiani, Kusini Unguja, aliniita upepo wa kusi ulipokuwa umeshaanza, kwa jambo ambalo yeye aliliona dogo: wageni wawili walikuwa wakidai chumba kimoja kwa usiku ule ule, na kila mmoja alishikilia kwamba yeye ndiye aliyeandika kwanza. "Mwanangu," aliniambia, "mimi sitaki kumdhulumu mtu. Niambie tu nani aliyetangulia." Barua pepe zake za miaka kadhaa zilikuwa zimehifadhiwa katika faili moja kubwa la mbox, yaani linalobeba barua zote zikifuatana, na programu niliyoikuta pale ya kupanga maombi ya vyumba iliandikwa kwa kukata mistari ya maandishi na kutafuta mahali palipoanza na "From:" au "Date:". Niliiweka kando, nikaandika nyingine katika Python, lugha ya kuandikia programu, kwa kutumia maktaba ya email, yaani mkusanyo wa msimbo ulio tayari, inayokuja pamoja na lugha yenyewe bila ya kusakinisha kitu cha ziada. Tathmini hii imetokana na kazi hiyo.

Kwetu Pemba mtu akitajiwa kuchambua hufikiria karafuu kabla ya kitu chengine: watu wamekaa jamvini, karafuu zinatengwa huku na makonyo, yaani vijiti vyake, kule, na mchambuaji mzuri hajulikani kwa haraka yake bali kwa kile kinachobaki safi baada ya yeye kuinuka. Barua pepe nayo hufika na makonyo yake. Juu kuna vichwa, yaani mistari inayotaja mwandishi, mwandikiwa, mada, tarehe na seva zote (kompyuta zinazopokezana barua) zilizopitiwa. Kisha mstari mtupu. Kisha mwili wa barua. Utaratibu huo umeandikwa katika waraka wa RFC 822 wa mwaka 1982, mmoja wa nyaraka zinazoweka kanuni za mtandao, ukarekebishwa mwaka 2001 kwa RFC 2822 na tena mwaka 2008 kwa RFC 5322. Mstari mmoja hauruhusiwi kuzidi herufi 998, na inashauriwa usizidi 78, kwa hiyo kichwa kirefu hukunjwa: kinaendelea katika mstari wa pili unaoanza na nafasi au tabo. Hapo ndipo programu ya zamani ilipokuwa ikipotea. Iliona mstari wa kwanza wa kichwa, ikadhani kimekwisha, na waandikiwa watatu wa mwisho wakatoweka bila ya mtu kujua.

Jambo la pili lililoishinda ni majina. Vichwa vya barua viliundwa wakati ambapo herufi za ASCII, yaani zile za Kiingereza zisizo na alama, ndizo pekee zilizokubalika, kwa hiyo jina lenye alama juu yake husafirishwa likiwa limefichwa katika umbo lililowekwa na RFC 2047 ya mwaka 1996. Mgeni anayeitwa Jürgen huonekana katika faili ghafi kama =?UTF-8?Q?J=C3=BCrgen?=, na kwa kuwa kipande kimoja cha namna hiyo hakiwezi kuzidi herufi 75, mada ndefu huvunjwa vipande viwili au vitatu ambavyo lazima viunganishwe bila ya kuacha pengo lisilokuwamo. Katika orodha ya mwenye nyumba majina ya aina hiyo yalichapishwa hivyo hivyo, na yeye kwa miaka alikuwa akiwaita wageni hao kwa namba za vyumba vyao kwa sababu hakuweza kuyasoma. Ninalitaja hili kwa makusudi. Nyumba inayoishi kwa ukarimu inahitaji kumwita mgeni kwa jina lake, na maktaba hii inaliwezesha jambo hilo kwa mstari mmoja wa msimbo.

Je, ninaikubali? Ndiyo, lakini kwa sharti. Kifurushi cha email kiliingia katika Python 2.2 mwaka 2001 kwa kazi ya Barry Warsaw. Baadaye R. David Murray akakijenga upya kwa kiasi kikubwa: toleo 3.3 la mwaka 2012 lilileta dhana ya sera, yaani kitu kinachoiambia maktaba isome na iandike kwa kanuni zipi, toleo 3.4 la mwaka 2014 likaleta EmailMessage, aina mpya ya kitu kinachowakilisha barua. Na toleo 3.6 la mwaka 2016 likaitangaza njia hiyo mpya kuwa imekomaa. Lakini ili msimbo wa zamani usivunjike, chaguo-msingi la kusomea barua, yaani linalotumika usipotaja lolote, lilibakishwa kuwa sera ya kale iitwayo compat32. Maana yake ni kwamba ukiandika message_from_bytes(data) na kuacha hapo, unapewa barua ya mtindo wa zamani: mada inarudi ikiwa bado imefichwa, mikunjo ya mistari imo ndani yake, na njia nzuri kama get_body, ya kuchukua mwili wa barua, hazipo kabisa. Ukiandika message_from_bytes(data, policy=policy.default) unapewa kitu chengine, chenye mada iliyofunguliwa na kuunganishwa, na vichwa vinavyojua maana yao.

Hapo ndipo lawama yangu kubwa ilipo. Jina la sera nzuri ni "default", neno linalomaanisha chaguo-msingi, ilhali yenyewe si chaguo-msingi la kisomaji. Anayejifunza akikutana na jina hilo atadhani hana haja ya kulitaja, na atatumia siku nzima akiandika kwa mkono kazi ambayo maktaba imeshaifanya. Nyaraka rasmi zinasema wazi kwamba sera itajwe kila mara, na kwamba chaguo-msingi litabadilishwa katika toleo la baadaye. Mimi ningependa onyo hilo liwe mwanzo wa ukurasa wa kwanza. Hali ni hiyo hiyo katika moduli ya mailbox inayofungua faili la mbox: usipoipa kiundaji chako mwenyewe kupitia hoja ya factory, barua zote zitakujia kwa mtindo wa kale.

Ukishalitimiza sharti hilo la kutaja sera, maktaba inakuwa ya kupendeza kuitumia. Majina ya vichwa hayajali herufi kubwa au ndogo. Kichwa cha "To" kina sifa ya addresses inayotoa kila anwani ikiwa imetengwa: jina la kuonyeshwa, jina la mtumiaji na kikoa, hata pale ambapo jina lina mkato ndani ya alama za kunukuu, kosa ambalo huwaangusha wengi wanaokata maandishi kila penye mkato. Kichwa kisichokuwapo hurudisha None, yaani "hakuna kitu", badala ya kusimamisha programu. Kichwa kinachojirudia, kama "Received", huchukuliwa kwa get_all, kwa sababu ukikiomba kwa njia ya kawaida utapewa kimoja tu.

Nasisitiza pia kwamba barua isomwe kama baiti, yaani namba ghafi zinazohifadhiwa na kompyuta, na si kama maandishi. Barua moja inaweza kubeba sehemu ya UTF-8, sehemu ya windows-1252, ambazo ni namna mbili tofauti za kuhifadhi herufi, na picha ya pasipoti iliyogeuzwa kuwa herufi za kawaida kwa base64, ambayo hufanya kila baiti tatu ziwe herufi nne. Anayelifungua faili lote kama maandishi ya UTF-8 ameshaharibu sehemu moja kabla ya kuanza kazi.

Mwili wa barua huchukuliwa kwa get_body, na unaweza kueleza unapendelea nini. Mimi huweka maandishi matupu mbele na HTML, umbo la kurasa za wavuti, nyuma yake. Kisha get_content hufungua usimbaji na kukupa maandishi yaliyo tayari. Kuna mitego miwili hapo. Barua isiyotaja seti yake ya herufi huhesabiwa kuwa ASCII, na kila herufi iliyo nje yake hugeuzwa alama ya kuuliza ndani ya umbo jeusi. Na barua inayotaja seti isiyojulikana huzusha kosa la LookupError ambalo lazima ulitegee. Viambatisho hupatikana kwa iter_attachments, na jina la faili kwa get_filename, lakini jina hilo limeandikwa na mtu usiyemjua, na kulitumia kama lilivyo kuhifadhia faili katika kompyuta yako ni kumkabidhi mgeni funguo za ghala. Tengeneza jina lako mwenyewe.

Kinachonivutia zaidi ya vyote ni tabia ya mchambuzi huyu mbele ya barua mbovu. Hakatai barua. Barua yenye mipaka ya sehemu isiyofungwa, au yenye mstari usioeleweka katikati ya vichwa, husomwa kwa kadiri inavyowezekana, na kasoro zilizoonekana huandikwa katika orodha iitwayo defects ambayo mwandishi wa programu anaweza kuikagua. Nadhani uamuzi huo ni sahihi kabisa. Barua ya mgeni anayeuliza kama kuna chumba cha watu wanne haina budi kumfikia mwenye nyumba hata kama programu iliyoiandika haikufuata kanuni. Hata hivyo ifahamike kwamba kwa sera mpya kila kichwa huchambuliwa pale kinapoombwa, si wakati barua inapopakiwa, kwa hiyo ni busara kukinga mahali unapokisoma kila kichwa na si mahali unapoifungua barua peke yake.

Maktaba haidai, na sisi tusidai kwa niaba yake, kwamba kilichoandikwa katika "From" ni kweli. Kichwa hicho hujazwa na mwandishi, na hakilazimiki kufanana na anwani ambayo seva zilipeana wakati wa kuisafirisha barua. Kuchambua ni kusoma kilichoandikwa. Kuthibitisha mwandishi ni kazi ya vyombo vyengine.

Sasa tarehe, kwa sababu ndiyo iliyonipeleka Jambiani. Programu ya zamani ilipanga barua kwa maandishi ya "Date" kama yalivyo, na kwa kuwa kichwa hicho huanza na jina la siku kwa Kiingereza, Ijumaa ilitangulia Jumatatu kwa sababu tu F hutangulia M katika alfabeti. Maktaba hii hutoa sifa ya datetime katika kichwa cha tarehe, ikiwa na tofauti ya saa ya mahali barua ilipoandikwa, na kuigeuza iwe saa ya Zanzibar, +0300, yaani saa tatu mbele ya UTC (saa ya marejeo ya dunia), ni hatua moja tu. Tahadhari ni kwa barua zenye -0000, zinazomaanisha kwamba barua haielezi mwandishi yuko katika ukanda gani wa saa: hizo hurudi bila ya ukanda wa saa, na ukijaribu kuzilinganisha na nyengine Python itakataa kwa kosa la TypeError. Nilizipa UTC kabla ya kupanga.

Barua ya mgeni wa kwanza, aliyekuwa California, ilikuwa ya Jumatatu saa 22:40, -0700. Ya mgeni wa pili, aliyekuwa Ujerumani, ilikuwa ya Jumanne saa 07:15, +0200. Kwa jicho la kawaida yeyote angempa chumba yule wa Jumatatu, na mwenye nyumba alikuwa karibu kufanya hivyo. Zilipogeuzwa, barua ya Ujerumani ilikuwa ya Jumanne saa mbili na robo asubuhi kwa saa zetu, na ile ya California ya asubuhi hiyo hiyo, saa mbili na dakika arobaini.

Sikuishia hapo, kwa sababu "Date" huwekwa na kompyuta ya mwandishi, na saa ya kompyuta inaweza kuwa imekwenda kombo. Kila seva inayoipokea barua huongeza kichwa cha "Received" juu ya vile vilivyotangulia, kwa hiyo kilicho juu kabisa ni cha seva yetu wenyewe, ambayo saa yake ni moja kwa wote wawili. Nilichukua cha kwanza katika get_all, nikakata baada ya nukta-mkato ya mwisho, nikakipa parsedate_to_datetime kutoka email.utils. Jibu lilikuwa lile lile, kwa tofauti ya sekunde chache. Nilimwonyesha mwenye nyumba saa zote nne zikiwa zimeandikwa kwa Kiswahili katika karatasi moja, naye akaisoma mara mbili, akaikunja, na jioni hiyo akamwandikia mgeni wa California kumwomba radhi na kumtafutia chumba kwa jirani.