Mwaka mmoja na Hilux ya 1994: inafaa kuendeshwa kila siku?

Mwaka mzima sasa naendesha pikapu ya Toyota Hilux ya 1994, dizeli ya 2.4 haina turbo, Njoro hadi town Nakuru na kurudi, almost kila siku. Kwangu mimi inafaa, ila si gari ya kila mtu.

Asubuhi Njoro ni baridi kweli, so lazima ungoje hita plagi (zile za kupasha injini ya dizeli moto) zipate moto ndio uwashe, ukiharakisha unamaliza betri bure. Ikiwa tupu inaruka kila tuta, springi za nyuma ni za kubeba mzigo, mke wangu hapendi kabisa. Lakini weka gunia sita za viazi kutoka Molo uone vile inatulia, hapo ndio utajua ilitengenezewa nini! Mlima inapanda pole na gia ya tatu, usiwe na haraka.

Chenye naipendea sana ni fundi yeyote wa jua kali anaijua na spea hazisumbui, hakuna mambo ya kuunganisha kompyuta ndio ujue inaumwa wapi.

Kitu moja tafadhali, angalia chasi kabla ulipe. Yangu ilipakwa rangi juu ya kutu, aliyeniuzia akanyamaza, nikakuja kulipia kuchomelewa na iliniuma sana. Ingia chini na tochi, gonga na nyundo pole pole, usione aibu.

Yangu haina eabegi, so mvua ikinyesha naacha nafasi kubwa mbele. Na kama una watoto watatu, tafuta ya kebini mbili, ile iko na viti vya nyuma.