Mwandishi wa mezuza aliyeanza na futi kamba

Nyota tano, na ningempa ya sita kwa ajili ya stoo yangu.

Tulihamia fleti mpya hapa Yerusalemu mwezi uliopita. Nje ya nchi hii mpangaji ana siku 30 kabla sheria ya Kiyahudi haijambana kuweka mezuza, yaani kipande cha ngozi chenye aya za Torati kinachowekwa kwenye mwimo wa mlango. Hapa inambana siku ileile. Nikampigia mwandishi mmoja wa Mea Shearim, mtaa wa Wayahudi washika dini hapa mjini, mzee anayeandika kwa mkono wake na anayefika nyumbani kukagua milango.

Chooni na bafuni akapita tu, hapawekwi. Vyumba vya kulala na sebule havikuwa na neno. Stoo ndiyo iliyomsimamisha. Akapima: mita 1.5 kwa 3. Chumba kinatakiwa dhiraa nne kwa nne, kama mita 1.9 kila upande. Upana haufiki, lakini ukizidisha, eneo linatosha na kubaki. Kwa Maimonides, mwanazuoni wa sheria ya Kiyahudi wa karne ya 12, hiyo inatosha. Wengine wanadai kila upande utimie. Akaamua: weka, ila usiisomee baraka. Uwazi wa jikoni nao, una miimo miwili na kizingiti cha juu lakini hauna mlango, ukapata hukumu hiyohiyo. Basi tukasoma baraka moja mlango mkuu, kisha tukazungukia yote, na zile za shaka zikaingia humo humo.

Kati ya sebule na chumba cha kusomea sikujua kulia ni wapi, maana mezuza hukaa kulia kwa anayeingia. Akashika bawaba: mlango unafungukia ndani ya chumba cha kusomea, basi huko ndiko kuingia.

Kilichoniuma ni mezuza niliyokuja nayo, ya duka moja la zawadi, kasha lake la fedha zuri mno. Aliikunjua mezani, akanipa lenzi. Karatasi ya kuchapwa! Miaka minne nimekuwa nikiigusa na kubusu vidole. Akaweka yake pembeni: ngozi, mistari 22, herufi 713, wino umeinuka kidogo hata ukiinamisha unaona kivuli chake. Akiruka herufi moja, alisema, hawezi kurudi kuichomeka, kwa kuwa lazima ziandikwe kwa mfuatano.

Kasoro: alichelewa saa mbili, na misumari yake ilikuwa mifupi kwa miimo yetu ya chuma, tukatumia gundi.

Ukaguzi ni mara mbili katika miaka saba. Nimeshamwekea miadi.