Madirisha ya nyumba ya pwani: lipi litangulie, lipi liachwe

Ukienda kwa fundi wa aluminiamu Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, cha kwanza atakachokuonyesha ni rangi za vioo. Mwache amalize, kisha mwombe kipande cha fremu kilichobaki kwenye kazi nyingine, upime unene wake kwa vernia. Kwa dirisha la futi 5 kwa 5 usikubali chini ya milimita 1.2. Fremu nyembamba hupinda katikati, na ikishapinda kitasa hakifiki kwenye komeo lake.

1. Aluminiamu ya kusukuma (slaidi). Hili ndilo chaguo letu la kwanza, kwa sababu halishiki kutu, halizuiwi na grili, na reli ya tatu hubeba wavu wa mbu. Dosari yake ni kwamba hufunguka nusu tu: dirisha la futi 5 hukupa upepo wa futi 2 na nusu. Chumba cha kulala kikipata dirisha ukuta wa pili, tatizo limepungua sana.

Yanayokufa mapema ni magurudumu. Mwambie fundi anyanyue kioo kimoja ulione gurudumu lenyewe. La plastiki tupu lililopitishwa kipini cha chuma litakwama baada ya chumvi ya bahari kuingia; tafuta la nailoni lenye beringi. Kisha mimina kikombe cha maji kwenye reli ya chini. Yasipotoka nje, matundu ya kutolea maji hayakutobolewa au yamezibwa kwa silikoni, na masika yajayo maji yatashuka ukutani upande wa sebuleni. Hii ndiyo kasoro tunayoikuta kuliko zote, na kuirekebisha ni kazi ya drili ya dakika kumi.

2. Mbao ngumu. Mninga, mkongo au mvule. Hufunguka lote, na kwa joto la pwani hilo si jambo dogo. Shida ni mbao mbichi: dirisha litakwama wakati wa mvua na kuacha mwanya kiangazi. Bawaba ziwe za shaba au stenlesi. Upande unaopigwa na jua utadai vanishi mara kwa mara. Kama huna moyo huo, rudi namba 1.

3. Luva. Choo, jikoni, stoo, basi. Hewa inapita vizuri, lakini vipande vya kioo huchomolewa kwa mkono kutoka nje, kwa hiyo bila grili usilale.

4. Chuma. Dodoma linadumu. Karibu na bahari kutu huanza kwenye maungio ya kuchomelea, chini ya rangi, pasipoonekana.

Kioo cha milimita 5 kinatosha madirisha mengi; kipande kikubwa kiwe 6. Dirisha linaloshuka karibu na sakafu liwekwe kioo kilichoimarishwa kwa joto, ambacho kikivunjika husagika punjepunje. Toa vipimo sahihi mapema, maana hakikatwi tena. Kioo cha kuakisi kinakuficha mchana tu. Usiku ukiwasha taa, wa nje wanakuona.

Pima baada ya plasta: upana sehemu tatu, urefu sehemu tatu, chukua kipimo kidogo kuliko vyote upunguze milimita 10. Pima na pembe kwa pembe kujua kama tundu limekaa mraba. Fremu ifungwe kwa skrubu za stenlesi, na mwanya uzibwe kwa silikoni. Saruji mbichi ikigusa aluminiamu hula rangi yake.

Kwa mwanga wa paa, nunua bati la polikaboneti lenye migongo ileile ya bati lako; la faiba huwa la njano na kufifia. Liweke juu ya korido au ngazi, maana juu ya kitanda jua la saa sita litakutoa chumbani. Upande wenye kinga ya jua, ambao huwa na alama, utazame juu. Matundu ya skrubu yawe mapana kidogo kuliko skrubu zenyewe, na washa ya raba ifunike, kwa sababu polikaboneti hutanuka kwa joto kuliko bati na likibanwa hupasuka kuanzia tunduni. Fundi asilikanyage, apitie juu ya ubao uliolazwa kwenye papi, yaani mbao zinazobeba bati.