Mgahawa wa Kijerumani Masaki: agiza nyama ya siki, jihadhari na schnitzel

Anayekwenda kwenye mgahawa huu wa Masaki, Dar es Salaam, kwa ajili ya soseji na bia peke yake atashiba, lakini atakuwa amekikosa chakula bora kuliko vyote vinavyotoka katika jiko lake, yaani Sauerbraten. Hii ni nyama ya ng'ombe inayolazwa siku kadhaa katika siki yenye vitunguu, karafuu na pilipili manga kabla ya kupikwa kwa moto mdogo, na mpishi hapa anafuata namna ya Rheinland, magharibi mwa Ujerumani, ambako mchuzi hutiwa zabibu kavu ili kupunguza ukali wa siki. Niliyoletewa ilikatika kwa uma bila kuhitaji kisu, na mchuzi wake mzito uliishika nyama vizuri pamoja na madonge ya viazi yaliyowekwa pembeni. Mlaji wa Pwani, ambaye karafuu na zabibu kavu amezizoea katika pilau, hataona ugeni mkubwa. Kabichi ya Sauerkraut, ambayo huchachushwa kwa chumvi bila kutiwa siki, ilikuwa bado na ukakamavu mdomoni.

Mguu wa nguruwe wa kuoka una ngozi kavu inayovunjika kwa mlio, na nyama yake ni laini. Hata hivyo, kwa bei ile mtu angepata kilo mbili za kitimoto pamoja na ndizi na kachumbari, kwa hiyo ni busara kuagiza mmoja na kula wawili.

Malalamiko yangu makubwa yanahusu schnitzel, yaani kipande chembamba cha nyama kinachopakwa chenga za mkate na kukaangwa. Kwa taratibu za Ujerumani, Wiener Schnitzel ni lazima iwe nyama ya ndama, na ikitengenezwa kwa nguruwe hupewa jina linaloonyesha tofauti hiyo. Menyu ya hapa imeandika Wiener Schnitzel bila maelezo yoyote, na ni baada ya kuuliza tu ndipo mhudumu aliponiambia kwamba ni nguruwe, tena kwamba viazi vya kukaanga hupitia mafuta yale yale. Katika jiji ambalo wakazi wake wengi hawali nyama hiyo, jambo hili halipaswi kusubiri swali la mteja. (Mhudumu mwenyewe alijibu kwa adabu na bila kuficha, kosa ni la aliyeandika menyu.)

Kuhusu bia, ukurasa mzima unasifu sheria ya Bavaria ya mwaka 1516 iliyoruhusu maji, shayiri na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) pekee, lakini bia za kutoka Ujerumani ni ghali mno, na ya kwetu ikiwa baridi inaendana na chakula hiki vizuri tu.

Sauerbraten haipatikani kila siku, hivyo ni vyema kupiga simu mapema na kuwekesha.