"Mambo?" ya kila Jumatatu

Jumatatu asubuhi simu inatetemeka mfukoni: "Mambo?" Basi. Hakuna jina la kliniki, hakuna neno dawa. Nikiwa salama najibu "Sawa", nikiwa na tatizo najibu "Shida". Nikinyamaza siku mbili, napigiwa. Hiyo ndiyo huduma nzima ya kliniki yetu kwa sisi tunaomeza ARV, dawa za virusi vya UKIMWI, na huu ni mwaka wa tatu naitumia.

Nauza mitumba Kitengela. Simu yangu ni mulika mwizi na haina siri: mtoto anaichezea, jirani anaiazima, wifi akija anaitumia kama yake. Kabla ya hii nilikuwa kwenye huduma nyingine, iliyokuwa ikiniandikia wazi, "Usisahau kumeza ARV zako." Siku moja simu ilikuwa juu ya nguo, mteja ameinama kuchagua sweta, ujumbe ukaingia. Aliusoma. Hakusema neno. Akaikunja ile sweta vizuri, akairudisha, akaondoka. Jioni hiyo nilijitoa. Walioitengeneza walifikiria tembe, hawakufikiria simu inalala wapi.

Hii ya "Mambo?" inaweza kutoka kwa mtu yeyote. Namba nimeihifadhi kama Shangazi.

Lakini ujumbe peke yake haungenisaidia kama hakuna mtu nyuma yake. Aprili, mvua ilinyesha wiki nzima, biashara ikalala, nikabaki na tembe nne na nauli sina. Nikajibu "Shida". Saa nane mchana sista akapiga. Hakuanza na dawa, aliniuliza, "Mama, uko na watu hapo?" Nikamwambia angoje, nikazunguka nyuma ya vibanda. Tukapanga mwenzangu wa kikundi, ambaye siku yake ya kliniki ilikuwa kesho yake, anichukulie na zangu. Sikukosa hata siku moja. Kipimo cha mwisho virusi havikuonekana, na mume wangu, ambaye hana, anajua maana yake: siwezi kumwambukiza tukiwa kitandani.

Utaratibu huu ulijaribiwa hapahapa kwetu, Nairobi na Kajiado, kwa wagonjwa 538 waliokuwa wakianza dawa, kwa jina WelTel. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010: waliotumiwa ujumbe, asilimia 57 virusi vyao vilidhibitiwa, wasiotumiwa, asilimia 48. Kwa simu za kawaida tu, bila intaneti.

Kinachoniumiza ni wikendi. Kuna mara nilijibu "Shida" Ijumaa jioni, mwili mzima umetoka vipele, nikapigiwa Jumatatu. Siku tatu hizo nilikuwa naishika chupa ya dawa na kuirudisha, sijui nimeze au niache. Pia kujibu kunakula salio, na mwenye shida kubwa mara nyingi ndiye hana hata shilingi moja kwenye simu. Kliniki yetu iweke mtu wa zamu Jumamosi na Jumapili, na jibu liwe bure.

Naipa nyota nne kwa tano.