VRF ama VLAN na sheria za kuzuia, kwa ruta moja?

Jengo letu Kondele, Kisumu, chini kuna kliniki juu wapangaji, ruta ni moja, na mtandao wa kliniki lazima utengane na wa wapangaji. VLAN (kugawa mtandao mmoja vipande vipande) ni rahisi kuweka, lakini ruta inajua njia za pande zote so trafiki inavuka upande hadi upande usipoandika sheria ya kuzuia, na ukisahau moja tu! Mimi nilisahau, mpangaji akaona printa ya kliniki kwa simu yake, nikakosa usingizi. VRF nayo (kugawa ruta moja iwe kama ruta kadhaa) kila mtandao una jedwali lake la njia, hata wote wakitumia anwani zilezile za 192.168.1.0/24 hawagongani, na kuvuka ni mpaka uruhusu mwenyewe. Kwa data ya wagonjwa nachukua VRF kabisa. Ila ukipiga ping (kujaribu kama kifaa kinajibu) kutoka kwa ruta taja VRF, ama ruta itaangalia jedwali kuu na utadhani waya imekatika.